Glasi nne dirishani: habari ya gundi ya mgunga

Kwenye dirisha la jiko langu hapa Pasua, Moshi, kuna glasi nne za maji, zina wiki sasa, na kila anayeingia lazima aulize mama Doreen hizi ni za nini, jirani yangu mmoja alishaanza kuniangalia vibaya akadhani labda nimeenda kwa mganga. Sijaenda kwa mganga. Ni gundi. Glasi ya kwanza ina gundi ya mgunga, ya pili ina ubani ule wa kuchoma, ya tatu ina manemane, na ya nne ina bigijii aliyokuwa anatafuna mwanangu, nilimwambia itoe kwanza hapo mdomoni naihitaji.

Niliziweka jioni, asubuhi nikaja kuangalia. Ile ya mgunga ilikuwa imeyeyuka yote, maji yamekuwa na rangi kama ya asali iliyochanganywa na maji, yanang'aa, na chini kuna vipande viwili vya ganda la mti basi. Ubani ulikuwa umeyafanya maji meupe kama maziwa ila vijiwe vyenyewe vimebaki, laini kidogo kwa nje. Manemane vilevile, maji yamekuwa ya kahawia na machafu machafu na mabonge yamekaa chini. Bigijii haijabadilika kitu na mpaka leo iko vilevile na alama za meno.

Nilianza hii kitu baada ya yaliyompata mama mkubwa, nitafika huko, ila kwanza naomba tuelewane kuhusu hizi glasi maana naona sisi kwenye Kiswahili chetu cha kila siku vyote hivi tunaviita gundi, au utomvu, halafu mtu akikuuzia chochote kinachonata unakubali tu. Wakati zamani watu walikuwa na majina yake. Kuna sumugu, hiyo ndo gundi ya mgunga yenyewe, neno tumelichukua kwa Waarabu na siku hizi ukilisema sokoni vijana wanakushangaa. Kuna ulimbo, ule wa kunasia ndege. Kuna ubani. Kuna sandarusi ya msandarusi wa pwani, ambayo karne ya 19 ilipakiwa majahazini Zanzibar ikaenda mpaka Salem kule Massachusetts, Marekani, wakawa wanatengenezea vanishi ya fanicha. Sandarusi ukiiweka kwenye maji utasubiri mpaka uzeeke, haiyeyuki, maana hiyo sio gundi bali ni resini, na resini inataka spiriti au mafuta.

Gundi ya kweli ni sukari. Sio sukari ya chai, ni sukari nyingi za aina tofauti zimeshikana mikono kwenye mnyororo mrefu wenye matawi matawi, mti ukikatwa au ukitobolewa na mdudu inatoka hapo kwenye kidonda inakauka kama chozi, na kwa sababu ni sukari inapenda maji kuliko kitu chochote. Ubani na manemane ni mchanganyiko, ndani yake kuna gundi na kuna resini na kuna mafuta yenye harufu, ndo maana maji yanachukua kipande chake yanaacha vingine. Na utomvu mweupe ni kitu kingine kabisa. Utomvu wa papai bichi unalainisha nyama, hiyo mama zetu wote wanaijua. Bigijii za kwanza kwanza zilitokana na utomvu wa mti mmoja wa Mexico, siku hizi ni mpira wa kiwandani, ndo maana unatafuna kutwa nzima haiishi. Na utomvu wa mnyaa, ule mti wa uzio ambao Wamaasai wanauita emanyara, ndo jina la Manyara lilikotoka, ule ukiingia jichoni unaweza kupofua mtu, kwa hiyo jamani watoto wasichezee kila kinachotoka kwenye mti eti ni gundi.

Sisi tulipokuwa wadogo kule Uru kwenye kihamba cha bibi, yaani shamba la nyumbani, tulikuwa tunabandua gundi ya mgrivilea, ile miti iliyopandwa katikati ya kahawa, tunabandikia picha za magazeti kwenye madaftari. Hatukuila, bibi alikataza. Ila mume wangu amekulia Same, kule chini kwenye joto na miba, yeye anasema wakichunga mbuzi walikuwa wanakula gundi ya mgunga kama pipi, ilikuwa inawakata njaa mpaka jioni na hakuna aliyekuwa anaugua. Nilikuwa siamini. Sasa naamini.

Kazi yangu mimi ni ais krimu na mtindi, wengi mnajua, napeleka kwenye maduka ya hapa Moshi na wikiendi napeleka Arusha. Sasa ais krimu adui yake mkubwa ni maji yenyewe. Ukigandisha maziwa na sukari, maji yaliyomo yanakuwa vipunje vidogo vidogo vya barafu, vikiwa vidogo ulimi hauvisikii, ila umeme ukikatika masaa mawili ukarudi, vile vidogo vinayeyuka, na vikiganda tena vinajishika kwa vile vikubwa, ukikatika mara ya pili hali inazidi, mwisho wa wiki mteja anakula kitu kama mchanga wa barafu na hakununulii tena. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga ndoo nyingi sana, nilikuwa nalia kabisa. Fundi wa friji aliyekuwa anakuja kutoka Arusha ndo aliniambia mama wewe huweki gua? Nikamuuliza gua ndo nini.

Gua ni unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde, unalimwa zaidi India hasa jimbo la Rajasthan, wanatoa ganda na kiini wanabaki na ile sehemu nyeupe ya katikati wanasaga. Kwenye pakiti za vyakula utaiona imeandikwa E412. Nikanunua nusu kilo, hakuna maelezo, hakuna kipimo, nikaona huu unga mwepesi acha niweke vijiko vinne vya chakula kwenye lita tano. Ukajikunja kuwa mabonge mabonge yenye unga mkavu ndani, nikapiga na blenda kwa nguvu, nikaweka kwenye friji, nikaja kufungua naona kitu kinavutika kutoka kwenye kijiko mpaka kwenye ndoo hakikatiki. Mama yangu mzazi akaonja akasema mwanangu huu ni mlenda.

Na alikuwa sahihi kuliko alivyodhani! Mlenda, bamia, mbegu za chia ukiziloweka, hiyo teleza yote ni watoto wa ukoo mmoja na gua, ni sukari za minyororo mirefu zimekumbatia maji hazitaki kuyaachia. Kwa hiyo watu wa Singida na Dodoma wanaokula ugali na mlenda wanakula gundi ya mmea kila siku, na ni chakula kizuri, tumbo linakwenda vizuri, chakula kinashuka taratibu. Kosa langu lilikuwa kipimo tu.

Sasa hivi naweka gramu 2 mpaka 3 kwa lita moja ya mchanganyiko, nina mizani ndogo kama ile ya masonara, na unga wa gua sitii peke yake, nauchanganya kwanza na sukari kavu yote ya ile ndoo, nazungusha zungusha mpaka zisitofautike, ndo namwaga kidogo kidogo kwenye maziwa huku nakoroga. Sukari inazitenganisha zile chembe za gua kila moja inapata maji yake, hakuna bonge. Halafu nalaza kwenye friji usiku mzima kabla ya kuingiza kwenye mashine. Umeme ukikatika sasa yale maji yameshashikiliwa, hayana uhuru wa kwenda kujenga vipunje vikubwa. Sio kwamba hayagandi, yanaganda, ila vipunje vyake vinabaki vidogo muda mrefu zaidi. Kuna na gundi ya mbegu za karobu, mti wa huko Mediterania, hiyo ni E410, inataka moto mkali kama nyuzi 80 ndo ifunguke, ukiichanganya kidogo na gua ais krimu inakuwa na mwili mzuri sana, ila bei yake kwangu bado ni kubwa.

Mwezi wa Ramadhani wateja wangu Waislamu wananiuliza mtindi wako una jelatini? Maana jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama na hujui ni mnyama gani. Nawajibu hapana, naweka gundi za mimea, na nikisema hivyo naonyesha na pakiti. Na nyingine tunayo wenyewe, mwani wa Zanzibar! Kina mama wa Unguja na Pemba wanalima ule mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanasimama kwenye maji ya bahari mgongo umeinama, unakaushwa unasafirishwa nje, inatolewa gundi inayoitwa karajini, E407, unaiona kwenye maziwa ya chokoleti na dawa ya meno. Tunauza mwani tunanunua dawa ya meno. Inaniuma kila nikipiga mswaki, siwezi kudanganya.

Turudi kwenye mgunga.

Sio migunga yote. Ule unaotoa sumugu bora ni kikwata, Wamaasai wanauita olderkesi, una miba mitatu mitatu imekaa pamoja, miwili inaangalia juu na mmoja wa katikati umejipinda kuangalia chini, ukishikwa na nguo hapo utaacha kipande. Jina la kitaalamu ni Acacia senegal, siku hizi wataalamu wamelibadilisha wanasema Senegalia senegal. Wa pili ni Acacia seyal, gundi yake inavunjika vunjika na bei yake iko chini. Hizo mbili tu ndo zinakubalika kimataifa kuitwa sumugu ya chakula, E414, na ndo tatizo letu huku, mtu anapita porini anaokota kila kinachong'aa kwenye kila mgunga anachanganya kwenye gunia moja, mnunuzi akifungua anaona rangi tano anashusha bei ya gunia zima.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba sumugu haifanyi maji kuwa mazito kama gua. Nilijaribu. Gua kijiko cha chai kwenye lita ya maji unapata uji kabisa, sumugu unaweza kuyeyusha karibu nusu kwa nusu na maji na bado inamiminika. Sasa kama haifanyi uzito viwandani wanaitakia nini? Chukua chupa ya soda ya machungwa soma maandishi madogo, mara nyingi utaikuta hiyo E414. Harufu ya chungwa iko kwenye mafuta ya ganda lake, ukimenya chungwa karibu na mshumaa utayaona yale mafuta yanavyowaka cheche, sasa mafuta na maji hayaelewani, yangepanda juu ya chupa yakakaa kama mduara. Sumugu ina sukari nyingi ila ndani yake kuna protini kidogo sana imeshikamana nazo, ile protini inalikamata tone la mafuta, sukari zinabaki nje zinashika maji, tone linabaki limevishwa koti linaelea katikati ya soda miezi na miezi. Gundi zinazofanya hivyo vizuri bila kuifanya soda iwe nzito mdomoni ni chache sana.

Na nyingi ya dunia inatoka Sudan, hasa Kordofan, mnada wake mkubwa uko mji wa El Obeid, kule wanaiita hashab. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997 ilifunga karibu kila kitu lakini gundi ikaachwa ipite, ndo ujue soda na pipi zina nguvu gani. Vita ilipoanza tena kule Aprili 2023 nikawa naangalia habari nawaza wale wakulima wenye miti yao, maana ile miti inachanjwa na familia, sio shamba la kampuni. Mti mmoja unatoa kama robo kilo kwa msimu. Robo kilo! Fikiria gunia linataka miti mingapi na mikono mingapi.

Sasa mama mkubwa.

Mama mkubwa ana sukari na presha muda mrefu na miaka miwili iliyopita figo zikaanza kuzembea, bado hajafika kwenye mashine ya kusafisha damu ila daktari alishasema tuwe makini. Mwaka huu alikwenda kwenye gulio, akamkuta mtu ana spika na meza, anauza chupa, anasema hii ni gundi ya porini inasafisha figo siku 21, shilingi elfu 30, na ukiianza acha vidonge vyote vya hospitali maana vinapigana nayo. Mama mkubwa akanunua. Hakutuambia. Akaacha vidonge vya presha siku tisa. Siku ya kumi binamu yangu alimkuta miguu imevimba mpaka viatu haviingii, anahema akiwa amekaa, tukamkimbiza hospitali usiku kwa bodaboda mbili, moja yeye na binamu, moja mimi na mfuko wa nguo.

Alipona, namshukuru Mungu, alilazwa siku sita. Ila hiyo hasira bado ninayo na nina haki nayo. Siku ya tatu wodini nilimpelekea daktari ile chupa, nikategemea atanifokea, hakunifokea, akaifungua akanusa, akasema dada hii inawezekana kabisa ni sumugu ya kweli, na tatizo la mgonjwa wetu sio lazima liwe limetoka humu, limetoka kwenye vidonge alivyoacha. Halafu akakaa pale kwenye kona ya kitanda akanieleza na nikaandika.

Alisema Sudan na nchi jirani watu wenye figo mbovu wanakunywa sumugu tangu zamani, na wataalamu wameshaifanyia utafiti. Sumugu tumboni haimeng'enywi, ni nyuzinyuzi, inapita mpaka utumbo mkubwa na kule bakteria wanaishangilia wanaila. Bakteria wakila wanaongezeka, na ili waongezeke wanahitaji naitrojeni, naitrojeni nyingine wanaivuta kutoka kwenye urea iliyoko kwenye damu, ile taka ambayo figo ingetakiwa kuitoa, inatoka na choo. Kwa hiyo kwenye tafiti ndogo zilizofanyika urea kwenye damu ilishuka kidogo. Kidogo. Figo yenyewe haijasafishwa, haijapona, haijarudi kuwa mpya, ni kama umepunguza mzigo kwa njia ya pembeni, na hakuna mtu mwenye akili anayesema uache dawa ya presha kwa ajili hiyo, tena presha ndo inayoua figo.

Na akaniongezea kitu ambacho yule wa spika hajui au anajua hasemi, sumugu ina madini ndani yake, kalisi, magnesi, potasi, na mgonjwa wa figo potasi inaweza kumpandia ikasumbua moyo, kwa hiyo hata kama ni chakula salama kwa mimi na wewe, kwake lazima vipimo vya damu vijue anakunywa nini. Nikamuuliza na gua je, maana nimesikia inashusha sukari. Akasema gua kweli inachelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu kwa sababu ya ule uzito wake tumboni, lakini uzito huohuo unaweza kuchelewesha na vidonge, ndo maana anayetumia atenganishe muda, na asiimeze kavu hata siku moja. Marekani kuna vidonge vya kupunguza unene vya gua viliondolewa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu vilikuwa vinavimba kabla havijafika tumboni, vinaziba koo. Nilikumbuka mabonge yangu kwenye ndoo ya ais krimu nikasisimka mwili.

Kwa hiyo wadada mnaonitumia meseji mnauliza kijiko cha gua kabla ya kula kinapunguza tumbo, jibu langu ni hilo.

Lakini msinielewe vibaya, gundi hospitalini ipo na inafanya kazi ya heshima. Vidonge vingi vinashikwa visivunjike kwa kitu kama gundi. Dawa ya maji ambayo unaambiwa tikisa kabla ya kunywa, mara nyingi kuna gundi inayozuia unga wa dawa usikae wote chini, maana usipotikisa na gundi isipokuwepo mtoto wa kwanza anakunywa maji na wa mwisho anakunywa sumu. Pipi za kikohozi zile zinazolainisha koo, sumugu inatandaza utando juu ya sehemu iliyochubuka, haiui mdudu, inapumzisha koo tu. Gundi ya karaya kutoka India, ambayo ikikutana na maji inavimba mara nyingi sana, inatumika kushikilia meno ya bandia na kusaidia choo kigumu. Na kuna jambo sikuwa nalijua kabisa, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia askari waliopoteza damu nyingi walikuwa wanatundikiwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na sumugu, mwanasayansi Mwingereza William Bayliss ndo aliyeshauri, kwa sababu maji matupu yanatoroka kwenye mishipa ila yenye gundi yanabaki. Baadaye ikaachwa maana gundi ilikuwa inajikusanya kwenye ini. Ni kazi ileile ya kwenye ais krimu, kushika maji yasikimbie, ila mahali pengine ni tiba na pengine ni madhara.

Mama mkubwa aliporudi nyumbani aliniuliza kwa hiyo mwanangu ile gundi ilikuwa mbaya? Nikamwambia shikamoo mama, gundi haikuwa mbaya, maneno yaliyokuja nayo ndo mabaya. Akanyamaza. Halafu akasema basi na mimi nataka kuiona inatoka wapi.

Yeye hawezi safari, nikaenda mimi. Arusha soko la Kilombero kuna mama wa Kimaasai ninayempelekea mtindi, anatandika khanga chini anauza magome na mizizi ya kuwekea supu, na kwenye kona ana kifuko cha gundi. Nikamwambia yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, nataka kuona mti wenyewe. Akacheka akasema mtu wa ndizi unatafuta miba? Kwao ni Longido, barabara ya Namanga, tukaenda naye Agosti kwenye ukame, gari mpaka pale kijijini halafu kwa miguu kama saa moja.

Alinionyesha kikwata mmoja sio mrefu, ananizidi kidogo tu, ganda lake linabanduka banduka. Kijana wake akachana ganda kwenye tawi, kipande chembamba kirefu kama kiganja, bila kugusa mbao ya ndani, akasema ukiingia ndani mti unakufa na mwakani huna kitu. Hakuna kilichotoka. Mimi nilidhani itadondoka hapohapo kama utomvu wa papai. Yeyo akaniambia mwanangu, huu mti haukimbizwi, rudi mwezi ujao. Kumbe inachukua kama wiki nne mpaka sita ndo yale machozi yanajaa na kukauka, na mti ukiwa umeshiba maji hautoi, unatoa ukiwa na shida, kwenye jua kali na majani yameshaanguka. Wakati tunapumzika akanipa kipande cha zamani nikatafune. Kinapasuka kama kioo halafu kinalainika, hakina utamu wala uchungu, kinanata kwenye meno na baada ya muda hakipo, kimekwisha chenyewe. Nikamkumbuka mume wangu na mbuzi zake.

Nikamuuliza wao wanaitumia kwa kazi gani. Akasema mtoto akiharisha wanayeyusha kidogo kwenye maji, mzee akiumwa koo, mwanamke akitoka kujifungua inaingia kwenye uji. Figo? Akanitazama akasema figo hatujui, figo ni ya hospitali. Nilitamani yule mwenye spika angekuwepo asikie.

Nilirudi wiki tano baadaye na ndoo ndogo na begi la karatasi, maana ukiweka kwenye nailoni inatoa jasho inashikana. Tulitoka alfajiri kabla jua halijawa kali. Kovu la kwanza lilikuwa na tone kubwa kama yai la kware, rangi ya asali, kavu, nikalibandua kwa kucha na hilo ndo liko kwenye glasi ya kwanza dirishani. La pili na la tatu yalikuwa matupu, mbao imelambwa mpaka inang'aa, na kwenye ganda kuna alama za meno madogo. Nikadhani kuna mtu katutangulia. Yule kijana akanyoosha kidole juu kwenye mgunga mkubwa wa jirani, kwenye tundu la shina kulikuwa na komba wamelala wamejikunja, mkia umefunika uso. Yeyo akasema hao nao wana watoto, twende mti mwingine.